Je, wajua kwa nini ukuta uliozibwa kabisa dhidi ya mvua ndio huoza upesi?

Mwaka 1995, katika mji wa Wilmington ulioko pwani ya jimbo la North Carolina nchini Marekani, wakaguzi wa majengo walianza kutoboa kuta za nyumba ambazo nyingi zilikuwa bado mpya. Kwa nje lipu ilikuwa safi, haina ufa wala doa la ukungu. Nyuma yake, hasa chini ya madirisha, mbao zilikuwa zimelowa, na katika baadhi ya nyumba zilikuwa zimeoza kiasi kwamba bisibisi ilizama bila kusukumwa kwa nguvu. Nyumba zile zilijengwa na wakandarasi mbalimbali kwa ramani mbalimbali, ila zote zilikuwa zimevikwa aina moja ya ukuta wa nje, yaani lipu nyembamba iliyopakwa juu ya mabamba ya povu la kuhami joto, mfumo ambao Wamarekani huuita EIFS kwa kifupi. Iweje ukuta usiopitisha mvua uoze kwa maji?

Mfumo huo ulianzia Ujerumani katika miaka ya 1950, ukavuka hadi Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, na ukapata soko kubwa baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, maana kila mwenye jengo alitaka kupunguza gharama za kupasha nyumba joto. Kwa upande wa joto, hoja yake ni nzuri na haijapingwa hadi leo. Bamba la povu hilo, ambalo ni plastiki iitwayo polistirini, lina uzito wa takriban kilo 16 kwa mita moja ya ujazo, na karibu ujazo wake wote ni hewa iliyofungiwa ndani ya vijishimo, kwa hiyo joto hupita humo kwa shida. Juu ya bamba hupakwa tabaka la chini lenye unene usiozidi sana milimita 2, ambamo huzamishwa wavu wa nyuzi za kioo, kisha tabaka la mwisho la akriliki, aina ya plastiki, lenye rangi na chembe za mchanga. Kwa kuwa povu huifunika nyumba yote kwa nje, hata nguzo za mbao hukingwa na baridi, jambo ambalo pamba ya kuhami inayojazwa katikati ya nguzo hizo haiwezi kulifanya.

Ila Wajerumani walikuwa wakibandika povu lao juu ya matofali na zege. Maji yakipenya nyuma ya povu katika ukuta wa namna hiyo, tofali huyanywa, huyahifadhi, na huyaachia polepole hali ya hewa ikibadilika, bila kupata hasara kubwa. Marekani nyumba nyingi za kuishi hujengwa kwa nguzo za mbao zilizofunikwa kwa bodi za vipande vya mbao vilivyogandamizwa na gundi, na bodi hizo zikilowa huvimba kingoni, hushika kuvu, na hatimaye hulainika. Povu lile lile, lipu ile ile, lakini kilichokuwa nyuma yake kilikuwa kitu kingine kabisa. Na kwa maoni yangu hapo ndipo kosa lilipofanyika, kabla hata fundi hajashika mwiko.

Kuta za kwanza za mfumo huu nchini Marekani zilitegemea uso wake tu. Lipu ilitakiwa kuzuia kila tone, na kila kiungo kati ya lipu na dirisha kilizibwa kwa silikoni au gundi nyingine inayonyumbuka. Katikati ya bamba lipu hiyo kweli haipitishi mvua. Tatizo ni kwamba nyumba ina madirisha, milango, mabomba, taa za nje, roshani na mahali ambapo paa dogo hukutana na ukuta mrefu. Kanuni za hesabu za wahandisi wa Marekani sasa hukadiria kwamba asilimia 1 ya mvua inayopiga ukuta itapenya uso wake hata kama kazi imefanywa vizuri. Asilimia hiyo huonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba maji hayo hayatawanyiki ukutani kote, bali hukusanyika katika sehemu chache, msimu baada ya msimu.

Chukua kona ya chini ya dirisha. Watu wengi hudhani maji huingia pembeni mwa fremu, pale silikoni inapopasuka, na ni kweli kwamba huingia hapo pia. Lakini fremu yenyewe imeungwa kwa vipande vinne, na kiungo kati ya kipande cha wima na kile cha chini huachia kadiri fremu inavyotanuka kwa jua na kusinyaa kwa baridi. Maji yanayoingia kwenye mfereji wa dirisha hupenya katika kiungo hicho na kudondoka juu ya ubao ulio chini ya fremu, yaani ndani ya ukuta, nyuma ya silikoni yote iliyopakwa kwa uangalifu. Hapo silikoni hugeuka mlinzi wa upande usiofaa: inayazuia maji yasitoke. Mahali pengine pabaya vivyo hivyo ni pale ukingo wa paa unapoishia katikati ya ukuta. Maji yote yanayoteremka kando ya ukuta huo yanapaswa kusukumwa nje yaingie kwenye gata kwa kipande kidogo cha bati kilichokunjwa. Kipande hicho kikisahauliwa, maji ya upande mzima wa paa huishia nyuma ya lipu.

Yakishaingia, kwa nini hayakauki? Ubao huhesabiwa kuwa salama unyevu wake ukiwa chini ya asilimia 20 hivi ya uzito wa mbao kavu, na kuvu waozeshao huanza kustawi vizuri unyevu unapofika karibu asilimia 28 na kukaa hapo. Nyumba za zamani za mbao zilikuwa zikilowa pia, ila hazikuwa na kihami joto. Joto lililokuwa likipotea kupitia kuta ndilo lililokuwa likizikausha. Ukuta mpya, kwa kuokoa joto hilo, umepoteza mkaushaji wake. Upande wa nje, povu na lipu ya akriliki hupitisha mvuke taratibu. Upande wa ndani, katika nyumba nyingi palikuwa na karatasi ya nailoni au karatasi ya ukutani ya vinili, ambazo karibu hazipitishi kitu. Mbao zikabaki katikati, bila njia ya kupumua upande wowote.

Wanaozifahamu nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar wameiona hali inayokaribiana na hii bila povu lolote: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hunywa mvua na kuirudisha hewani, na zikipigwa lipu ya saruji, unyevu hufungiwa ndani, lipu hubanduka, na vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani huoza.

Suala la mvuke hubadilika kulingana na mahali, na hapa ndipo ushauri wa jumla unapoharibu nyumba. Huko Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, wakati wa baridi, hewa ya ndani yenye nyuzi 21 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 40 huanza kutoa umande inapogusa kitu chenye nyuzi 7. Povu la nje hufanya bodi ya mbao ibaki na joto zaidi ya hapo, na kwa hiyo huilinda, ilimradi liwe nene vya kutosha. Pwani ya Carolina majira ya joto mambo hugeuka. Hewa ya nje yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 hutoa umande kwenye nyuzi 25, ilhali ndani kiyoyozi kimeweka nyuzi 23 au 24, na mvuke unaokimbilia ndani hukutana na karatasi ya nailoni na kugeuka maji juu yake. Karatasi inayofaa kaskazini ni mtego kusini.

Mwaka 1996 North Carolina ilikataza kuta zinazotegemea uso wake tu kwa nyumba za mbao, ikadai ziwe na njia ya kutolea maji. Wazo ni la unyenyekevu: tukubali kwamba maji yataingia, kisha tuyaoneshe mlango. Bodi ya mbao hupakwa kwanza utando wa majimaji unaokauka kuwa kama mpira, na viungo vyake hufunikwa kwa utepe wa wavu. Utando huo huingizwa hadi ndani ya tundu la dirisha, na chini ya fremu huwekwa sinia yenye mteremko kuelekea nje na ukingo ulioinuka upande wa ndani, ili yale matone ya kwenye kona yasipate pa kwenda ila nje.

Kisha hubandikwa povu, na kazi yote inaweza kuharibika kwa mwelekeo wa mkono. Gundi husambazwa kwa mwiko wenye meno, ambao huacha matuta na mifereji kati yake. Matuta yakiwa ya wima, maji hushuka kwenye mifereji hadi chini ya ukuta. Fundi akivuta mwiko kwa mlalo, kila tuta huwa rafu ya kushikilia maji, na ukiutazama ukuta uliokamilika huwezi kujua tofauti. Marekani hudai kwamba katika kipimo cha maabara angalau asilimia 90 ya maji yaliyomiminwa nyuma ya povu yatoke chini.

Mabamba hupangwa kwa kupishana kama matofali, na kiungo chochote kisiangukie kwenye kona ya dirisha, kwa sababu mkazo wa lipu huanzia hapo. Bamba hukatwa kwa umbo la L likazunguka kona, na juu yake huongezwa kipande cha wavu kwa mshazari. Nafasi kati ya mabamba huzibwa kwa vipembe vya povu, kamwe si kwa gundi. Gundi ikishashika, kwa kawaida baada ya saa 24, uso wote husuguliwa kusawazisha na kuondoa unga wa njano ambao jua huuacha juu ya povu, maana lipu haishiki juu ya unga huo. Lipu isipakwe hali ya hewa ikiwa chini ya nyuzi 4. Na silikoni ya pembeni mwa dirisha ishikamane na tabaka la chini, kwa kuwa tabaka la mwisho likiloa hulainika na kubanduka pamoja na silikoni yake.

Baadaye Maabara ya Taifa ya Oak Ridge ilizipima kuta za namna hii katika jengo la majaribio huko Hollywood, South Carolina, karibu na Charleston, katika joto na unyevu ule ule wa pwani. Zile zenye mifereji na utando zilidhibiti joto na unyevu vizuri kuliko kuta nyingine zilizopimwa kando yake, yakiwamo matofali.

Kwa mwenye nyumba, kipimo cha unyevu chenye sindano mbili kikichomekwa chini ya kona za madirisha husema mengi kuliko kuitazama lipu, na namba zinazozidi 20 zinastahili ufunguzi wa ukuta hata kama rangi bado ni nzuri. Ukingo wa chini wa lipu ubaki angalau sentimita 20 juu ya udongo. Mara nyingi anayeuharibu mfumo baada ya miaka kadhaa ni fundi wa rangi, ambaye akiuona mwanya pale chini huuziba kwa silikoni ili ukuta upendeze, au mtunza bustani anayerundika udongo hadi ukaifunika lipu, na kwa namna yoyote kati ya hizo mbili, maji ya mifereji yote hukosa pa kutokea.