Je, kwotabeki anayekimbia ndiye anayeumia zaidi?

Wapenzi wengi wa futiboli ya Kimarekani huamini kwamba kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kutupa pasi, akikimbia na mpira huumia kuliko yule anayesimama nyuma ya wenzake wanaomkinga akitupa pasi. Kukimbia kuna hatari, kweli. Lakini mkimbiaji humwona anayemjia, na akiteleza chini miguu mbele, mchezo husimama papo hapo. Mtupaji je? Macho yako mbali, mkono juu, mbavu wazi, mguu wa mbele umekita ardhini. Pigo huweza kumjia kwa nyuma asilione. Ndiyo maana mwaka 2009 NFL, ligi kuu ya mchezo huo, ilikaza sheria ya kulinda magoti yake.

Unaweza kuhakiki mwenyewe. Soma orodha za majeruhi ambazo timu hutoa kila wiki, kisha tazama marudio ya video: kwotabeki aliumia akifanya nini? Hesabu pia alikimbia mara ngapi, akatupa mara ngapi.