Kila rangi ya leza na volti zake: maelezo kwa wanaounda sakiti

Karakana yetu ya elektroniki inaendelea kuletewa diodi za leza zilizokufa, za wanafunzi wa miradi ya sayansi na za mafundi wa simu wa Darajani. Kosa ni lile lile: diodi imelishwa volti zisizobadilika badala ya mkondo usiobadilika.

Nyekundu ya nanomita 650 hutaka volti 2.2 hadi 2.5. Buluu ya 450 hutaka 4 hadi 5.5, zambarau ya 405 hukaribia 5, na kijani ya 520 huweza kufika 7. Kwa jumla, wimbi likifupika, nishati ya mwanga hupanda, na volti nazo hupanda, ingawa kijani ya 520 haifuati mpangilio huo. Kwa hiyo bodi ya leza nyekundu haiwashi ya buluu, hata ukiibembeleza. Tena, leza nyingi za kijani za bei nafuu ndani yake mna diodi ya nanomita 808, isiyoonekana kwa jicho, inayosukuma fuwele hadi zitoe 532. Hiyo hutaka volti 2 tu. "Kijani yote ni moja" tumechoka kuisikia.

Diodi ikipata joto, volti zake hushuka. Ukiwa umeifungia volti zisizobadilika, mkondo hupanda na joto huzidi, mpaka uso wake unaungua. Ikishaungua hubaki na mwanga hafifu, na mtu hudhani betri imechoka, akaongeza volti.

Tumia LM317, kidhibiti cha miguu mitatu, ili kishike mkondo usibadilike. Risista hukaa kati ya mguu wa kutolea na wa kurekebisha. Leza hulishwa kutoka mguu wa kurekebisha. Gawanya 1.25 kwa omu upate mkondo kwa ampea: risista ya omu 39 hutoa miliampea 32, ya omu 12 hutoa 104. Sakiti yenyewe hula volti 3 hivi, kwa hiyo chaja ya simu ya volti 5 haitoshelezi hata nyekundu; buluu ipewe 9. Sambamba na leza weka kapasita ya mikrofaradi 10, na diodi ya kawaida 1N4001 iliyogeuzwa.

Kabla ya leza, jaribu kwa diodi za kawaida 1N4007 zilizofuatana, 3 kwa nyekundu na 6 kwa buluu, pamoja na risista ya omu 1: kila milivolti 1 kati ya miguu ya risista hiyo ni miliampea 1. Kisha zima, gusanisha miguu ya kapasita kwa waya, ndipo ulehemu leza. Ukiruka hatua hiyo, chaji yote ya kapasita huishia kwenye diodi.

Wapo wanaosema kwetu pwani hakuna umeme tuli kwa sababu ya unyevu. Chumba chenye kiyoyozi hewa yake ni kavu. Vaa mkanda wa mkononi uliounganishwa na ardhi.

Wanaotaka kupimiwa walete fomu nakala mbili, namba ya diodi, karatasi ya data na mkondo waliopima. Fomu isiyo na mkondo hurudishwa. Miwani iwe ya wimbi husika. Ile nyekundu inayozuia buluu haizuii leza nyekundu. Atakayewasha bila miwani hufungiwa karakana siku 14, fomu hubatilishwa, na maombi huanza upya. Anayemulika ndege zinazotua Kiembe Samaki asije kwetu na fomu. Hilo ni la polisi.