Je, wajua kwa nini mlezi mzoefu hufundishwa upya kumlaza mtoto mchanga?

Mtu aliyelea watoto kwa miaka ishirini, akawabembeleza wengi wenye homa, wanaoota meno au wanaoukataa usingizi, huenda akaona ajabu kuambiwa aketi darasani afundishwe namna ya kumlaza mtoto mchanga. Hata hivyo, mafunzo ya usingizi salama husisitizwa sana kwa wafanyakazi wa vituo vya kulelea watoto, na nchini Marekani sheria ya mwaka 2014 kuhusu ruzuku za malezi iliyaweka kuwa sharti kwa walezi wanaohudumia watoto kwa fedha hizo. Sababu yake si kwamba walezi ni wazembe. Ni kwamba mtoto aliyezoea kulala chali kwao, akilazwa kifudifudi kwa mara ya kwanza na mtu mwingine, huwa hatarini kuliko hata mtoto ambaye amelala kifudifudi siku zote.

Hatari inayozungumziwa hapa ni kifo cha ghafla cha mtoto mchanga, yaani kifo cha mtoto wa chini ya mwaka mmoja ambacho chanzo chake hakijulikani hata baada ya mwili kuchunguzwa, mahali alipofia kukaguliwa na historia ya afya yake kupitiwa. Vifo hivi hutokea zaidi mtoto akiwa na umri wa kati ya mwezi mmoja na minne, na takribani asilimia 90 hutokea kabla hajatimiza miezi sita. Ni kipindi hichohicho ambacho wazazi wengi hurudi kazini na kumkabidhi mtoto kwa mlezi.

Mwaka 2000, daktari wa watoto Rachel Moon na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti kuhusu vifo vya aina hiyo vilivyotokea katika majimbo 11 ya Marekani katikati ya miaka ya 1990. Kwa kuangalia idadi ya watoto waliokuwa wakilelewa nje ya nyumba zao na saa walizokaa huko, ilitarajiwa kwamba vifo vilivyotokea mikononi mwa walezi visingefika asilimia 10. Vilikuwa takribani asilimia 20. Wataalamu walipozidi kufuatilia, ilibainika kwamba karibu theluthi moja ya vifo vya watoto waliokuwa kwa walezi vilitokea katika wiki ya kwanza ya malezi hayo, na nusu ya hivyo vya wiki ya kwanza vilitokea siku ya kwanza kabisa. Wengi wa watoto hao walikuwa wakilazwa chali nyumbani, lakini siku ya kifo walikuwa wamelazwa kifudifudi. Takwimu hiyo ya siku ya kwanza ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu inaonyesha kwamba muda wa kujifunza polepole kazini haupo, na kwamba mlezi anapaswa kuwa tayari kabla mtoto hajavuka mlango.

Kwa nini ugeni wa mkao uwe na madhara makubwa kiasi hicho? Mtoto anayelala kifudifudi hulala usingizi mzito zaidi na huamka kwa shida. Uso wake ukizama katika godoro, hewa anayoitoa hubaki karibu na pua na mdomo, naye huivuta tena, hivyo kabonidaioksidi huongezeka mwilini huku oksijeni ikipungua. Mtoto mwenye afya anayepatwa na hali hiyo kwa kawaida hushtuka, akalia na kugeuza kichwa. Lakini kuinua na kugeuza kichwa ukiwa umelala kifudifudi ni ustadi wa misuli ambao mtoto huupata kwa kuzoea, na aliyelazwa chali maisha yake yote mafupi hajaupata. Tafiti zilizolinganisha watoto wa namna hii na wale waliolazwa chali kama kawaida yao zimekadiria kwamba hatari yao huweza kufika hata mara 18.

Maelezo ya kina zaidi yalitolewa mwaka 1994 na watafiti Filiano na Kinney, waliosema kwamba kifo cha namna hii hutokea mambo matatu yanapokutana: mtoto ana udhaifu usioonekana, yuko katika kipindi nyeti cha ukuaji, na kuna kichocheo cha nje kama vile kulala kifudifudi au joto kupita kiasi. Kinney na wenzake baadaye walichunguza shina la ubongo la watoto waliofariki, ambako upumuaji na uwezo wa kuamka huongozwa, wakakuta kasoro katika mfumo wa serotonini, kemikali inayopeleka taarifa kati ya seli za ubongo, kwa wengi wao. Hakuna mlezi awezaye kuiona kasoro hiyo kwa macho, wala hawezi kuusogeza mbele umri wa mtoto. Kati ya mambo hayo matatu, lililo mikononi mwake ni hilo la nje peke yake, na hiyo ndiyo maana darasa zima hujikita katika kitanda na mkao.

Hoja inayosikika zaidi kutoka kwa walezi wazoefu ni kwamba mtoto aliyelala chali akicheua maziwa atapaliwa. Hofu hii inaeleweka, na haifai kudharauliwa, kwa kuwa inatokana na kumpenda mtoto. Lakini maumbile yanaonyesha kinyume chake. Njia ya hewa iko upande wa mbele wa shingo na umio, unaopitisha chakula, uko nyuma yake. Mtoto anapolala chali, njia ya hewa huwa juu na umio huwa chini, kwa hiyo maziwa yanayopanda kutoka tumboni yangelazimika kukwea juu ndipo yaingie penye hewa, na kwa kawaida mtoto huyameza au huyakohoa. Akigeuzwa kifudifudi, umio huwa juu na njia ya hewa chini, na maziwa yaliyocheuliwa huweza kukusanyika mlangoni pake. Mkufunzi mzuri huuchora mchoro huu ubaoni mapema, kwa maana bila kuuona mlezi ataitikia darasani kisha arudi kazini afanye alivyozoea. Kulala ubavu nako hakupendekezwi, kwa kuwa mtoto huweza kubingirika kwa urahisi hadi akawa kifudifudi.

Ifahamike pia kwamba walezi wa makamo hawakujitungia mkao wa kifudifudi. Kwa miongo kadhaa ya nusu ya pili ya karne ya 20, vitabu na madaktari waliupendekeza. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2005 ulikadiria kwamba, laiti ushahidi uliokuwapo kufikia mwaka 1970 ungekusanywa na kufanyiwa kazi, vifo zaidi ya 10,000 vingeepukwa nchini Uingereza, na angalau 50,000 katika Ulaya, Marekani, Australia na New Zealand. Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991. Madaktari wa watoto wa Marekani walibadili ushauri wao mwaka 1992, na kampeni ya taifa ikafuata mwaka 1994. Nchini humo vifo vya ghafla visivyoelezeka vilikuwa takribani 130 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai mwaka 1990, na kufikia mwaka 2020 vilikuwa takribani 38, ingawa sehemu ya upungufu huo inatokana na mabadiliko katika jinsi vifo vinavyoainishwa.

Kuhusu kitanda, kanuni ni chache: godoro gumu, bapa, linalojaa kitandani bila kuacha mwanya, na shuka moja iliyovutwa ikakaza. Mto, blanketi, vidoli na sponji za kuzungushia kingo havitakiwi, kwa sababu kila kilicho laini huweza kuziba pua. Mtoto asifunikwe kichwa wala asivikwe nguo nyingi kuliko hali ya hewa inavyodai, na aliyeviringishwa katika nguo aachwe huru mara tu anapoonyesha dalili za kujaribu kujigeuza.

Jambo linalosahauliwa ni kiti. Mtoto huletwa kituoni asubuhi akiwa amesinzia katika kiti cha gari, na mlezi, kwa huruma, humwacha humo asimwamshe. Katika mkao huo wa kuketi nusu kwa nusu, kichwa kizito cha mtoto huanguka mbele, kidevu hugusa kifua, na njia yake ya hewa, ambayo bado ni nyembamba na laini, hujikunja. Anaweza kukosa hewa bila kutoa sauti yoyote. Kwa hiyo hufundishwa kwamba mtoto ahamishiwe kitandani, alazwe chali juu ya godoro bapa, hata kama ataamka na kulia. Mwaka 2022 Marekani ilipitisha sheria ya kupiga marufuku uuzaji wa vilalio vya watoto wachanga vyenye mwinamo unaozidi nyuzi 10, baada ya vifo kuhusishwa na vifaa hivyo.

Walezi huuliza pia wafanye nini mtoto akijigeuza mwenyewe. Mtoto hulazwa chali kila mara anapowekwa kitandani, hadi atimize mwaka mmoja, lakini akishaweza kujigeuza kutoka chali kwenda kifudifudi na kurudi, hakuna haja ya kumgeuza kila anapobadili mkao usingizini. Akiwa macho, na mlezi yuko karibu akimtazama, kumlaza kwa tumbo ni jambo jema linaloimarisha shingo na mabega na kupunguza ubapa wa kisogo.

Sehemu ngumu kuliko zote ni ile ambayo mzazi mwenyewe anasema kwamba mwanawe hapati usingizi asipolazwa kwa tumbo. Mlezi asiyeandaliwa hukubali, kwa sababu ni vigumu kumpinga mzazi kuhusu mwanawe. Ndiyo maana vituo vilivyojipanga huandika utaratibu wao wa kulaza watoto na kumpa mzazi ausome na kuutia sahihi kabla ya siku ya kwanza, na hukubali mkao mwingine kwa barua ya daktari pekee, inayoeleza sababu ya kitabibu na mkao unaotakiwa. Nakala ya barua hiyo hubandikwa karibu na kitanda cha mtoto huyo, ili mlezi wa zamu ya mchana, ambaye hakuwapo barua ilipoletwa asubuhi, aisome kabla hajamlaza.