Je, wajua? Mtupo ulioipa Urusi ubingwa wa Ulaya ulitoka mkononi mwa Mmarekani

Madrid, tarehe 16 Septemba 2007. Ni fainali ya mpira wa kikapu ya Ulaya, sekunde za mwisho. Hispania, mabingwa wa dunia wa mwaka uliotangulia, wako kwao na wanaongoza 59 kwa 58. Mpira uko kwa mtu mfupi kuliko wenzake, amevaa jezi ya Urusi. Anasogea, anafunga breki ghafla, anaruka, anatupa. Mpira unagonga pete, unadunda, unasitasita pale juu kama mtu anayebisha hodi bila kuitikiwa, kisha unatumbukia. 60 kwa 59. Pau Gasol wa Hispania akapata nafasi ya mwisho, na mpira wake ukagoma kuingia.

Mfungaji alikuwa J.R. Holden, wa Pittsburgh, Pennsylvania. Imekuwaje?

Kwa miaka mingi jibu nilikuwa nalo, na nililigawa bila hiyana kwa kila aliyeuliza: lazima Holden alikuwa na bibi Mrusi. Nilifika hadi kumpa bibi huyo safari ya meli kuvuka Atlantiki. Hakuna bibi. Holden ni Mmarekani mweusi asiyekuwa na undugu wowote na Urusi, na pasipoti aliipata mwaka 2003 kwa amri ya Rais Vladimir Putin, akiwa ameshaichezea klabu ya CSKA Moscow msimu mmoja.

Kosa langu lilikwenda mbali zaidi ya hapo, maana hata bibi angekuwepo asingesaidia kitu. Shirikisho la mpira wa kikapu la dunia, FIBA, halianzi na damu. Linaanza na tarehe: pasipoti uliipata kabla ya kutimiza miaka 16, au baada? Jordan Clarkson, nyota wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ana damu ya Kifilipino upande wa mama yake, lakini kwa kuwa makaratasi yalichelewa, Ufilipino ilimchezesha Kombe la Dunia la 2023 akihesabiwa kama mtu aliyepewa uraia ukubwani. Katibu mkuu wa FIBA ana mamlaka ya kulegeza kamba mchezaji mmoja mmoja, kwa hiyo usiichukue tarehe hiyo kama msumeno. Ila ndiyo mlango wa kwanza.

Nilipojua hivyo nikaangukia kosa la pili: basi nchi yenye fedha si inunue Wamarekani watano ikamaliza kazi? Haiwezi, na hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe.

Fikiria ukumbi wa harusi. Mlangoni kuna vijana wa kamati wanakagua kadi. Wageni huingia kwa kadi, na kadi zina idadi. Shangazi na wajomba wanapita tu. Ligi nyingi za Ulaya, ya Urusi ikiwemo, zimekuwa zikiwawekea kikomo wachezaji wa kigeni, ingawa idadi hubadilika kila baada ya misimu michache. Wanaofuatilia Simba na Yanga hawahitaji kufundishwa kelele za nafasi za wageni. Sasa, mgeni mmoja akifanywa mtu wa nyumbani, harudi mlangoni na kadi. Kadi yake inabaki mezani, na klabu inaweza kumpa mgeni mwingine. Yaani pasipoti moja inaipa klabu wachezaji wawili: mwenyeji mpya na nafasi aliyoiacha. Ndiyo maana pasipoti ya mchezaji wa kulipwa ina wapenzi wengi kuliko mwenyewe.

Timu ya taifa ni harusi nyingine, yenye kamati kali zaidi. Huko FIBA inatoa kadi moja tu. Mtu mmoja aliyepata uraia baada ya miaka 16 kwa kila kikosi, basi. Hispania iliionja sheria hii pale ilipokuwa na Serge Ibaka, mzaliwa wa Brazzaville, na Nikola Mirotić, mzaliwa wa Podgorica. Wote wawili ni majitu, wote wawili wanafaa, na kadi ni moja. Mwaka 2014 kwenye Kombe la Dunia akaenda Ibaka. Kwenye ubingwa wa Ulaya wa 2015 na Olimpiki ya 2016 akaenda Mirotić. Mwingine akatazama kwenye runinga kama sisi.

Kadi ya Urusi mwaka 2007 ilikuwa ya Holden. (Kocha wao, David Blatt, naye ni mzaliwa wa Marekani, lakini makocha hawaulizwi kadi.)

Njia yake hadi pale haikuwa ya nyota. Alisoma Chuo Kikuu cha Bucknell, hakuna timu ya NBA iliyomchagua mwaka 1998, na hakuwahi kucheza huko hata mechi moja. Akaenda Riga nchini Latvia, kisha Oostende nchini Ubelgiji, kisha AEK ya Athens iliyotwaa ubingwa wa Ugiriki mwaka 2002, halafu CSKA, alikokaa hadi 2011 na kubeba kombe la klabu bingwa Ulaya mara mbili, 2006 na 2008. Anayemwita aliyeshindwa maisha ya NBA ahesabu kwanza vikombe.

Wala si Urusi peke yake. Macedonia ilimpa kadi yake Mmarekani Bo McCalebb wa New Orleans na mwaka 2011 ikamaliza ya nne Ulaya, nchi ya watu milioni mbili. Na jirani zetu: Uganda ilikwenda AfroBasket, ubingwa wa kikapu wa Afrika, ya 2021 kule Kigali ikiwa na Ishmail Wainright, mzaliwa wa Kansas City.

Hispania, iliyolia Madrid, ilikuja kutoa pasipoti yake Julai 2022 kwa Lorenzo Brown, Mmarekani ambaye hakuwa amewahi kuchezea klabu yoyote ya Hispania. Septemba, mjini Berlin, wakaifunga Ufaransa 88 kwa 76 na kuwa mabingwa wa Ulaya. Nahodha wao alikuwa Rudy Fernández, na usiku ule wa Holden alikuwemo kikosini.