Roboti za walanguzi wa tiketi: sheria ya Marekani inakataza nini

Tiketi za onyesho la bendi ya U2 la Julai 2015, katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, zilipoanza kuuzwa mtandaoni, roboti moja ilizoa tiketi 1,012 kwa muda usiofika dakika moja. Kikomo kwa kila mteja kilikuwa tiketi nne. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York ilianika jambo hili katika ripoti yake ya Januari 2016, na Desemba mwaka huohuo Rais Barack Obama akatia saini sheria ya nchi nzima, iitwayo kwa kifupi BOTS Act.

Roboti hapa ni programu tu ya kompyuta. Wewe unachagua kiti, unagusa picha zenye taa za barabarani kuthibitisha kuwa ni binadamu, kisha unatafuta kadi ya benki kwenye pochi. Kabla hujamaliza kuandika tarakimu zake, roboti imeshanunua mara mia, kila mara kwa jina jingine na kadi nyingine. Unaambiwa tiketi zimekwisha. Muda si mrefu unazikuta kwenye tovuti nyingine, bei imeruka.

Wengi hudhani sheria hii imepiga marufuku ulanguzi wenyewe. Sivyo. Inachokataza ni kukwepa vizuizi ambavyo muuzaji ameviweka mtandaoni ili kulinda kikomo cha tiketi au utaratibu wa kununua. Ni kosa pia kuuza tiketi zilizopatikana kwa njia hiyo, ikiwa anayeziuza alishiriki, alijua, au alipaswa kujua. Inahusu matamasha, michezo na maigizo katika kumbi na viwanja vyenye nafasi ya watu zaidi ya 200. Shabiki aliyenunua tiketi yake ili akaangalie onyesho hana kosa.

Udhaifu wa sheria hii, kwa maoni yangu, umekuwa katika utekelezaji. Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, ilifungua kesi zake za kwanza Januari 2021, zaidi ya miaka minne baadaye. Walioshtakiwa walikuwa mawakala watatu wa New York waliokusanya tiketi zaidi ya 150,000 kwa akaunti za majina ya kubuni. Faini ilizidi dola milioni 31, lakini kwa kuwa hawakuwa na uwezo wa kulipa, walitakiwa kutoa milioni 3.7 tu. Hizo ni faini za madai, hakuna kifungo. Uingereza, tangu Julai 2018, kutumia roboti kuvuka kikomo cha tiketi kwa ajili ya faida ni kosa la jinai.

Kwa hiyo mliopo Marekani, msinyamaze. Mkikuta mtu mmoja anauza lundo la tiketi za onyesho lenye kikomo, pigeni picha ya skrini inayoonyesha jina la muuzaji, namba za viti, bei na saa, kisha pelekeni malalamiko FTC kupitia ReportFraud.ftc.gov au kwa mwanasheria mkuu wa jimbo lenu. Naye amepewa na sheria hii mamlaka ya kushtaki.