Kifungo hakilipi mkopo

Wiki hii tena. Mtu katoka ndani juzi, kaketi mbele yangu mimi ninayeshauri watu kuhusu madeni, na bahasha yake ya kaki, na kabla sijaifungua ananiuliza: "Lakini hilo deni si nilishalitumikia?" Simlaumu. Kaambiwa hivyo na wenzake, na jela zetu za Kenya zina mawakili wengi kuliko korti za Milimani kule Nairobi. Ni hayo maneno yaliyonichosha. Nayaandikia hapa ili siku nyingine nimtumie mtu linki, koo langu lipumzike.

Chanzo nakijua. Hakimu akisema "faini elfu hamsini au miezi sita" na huna elfu hamsini, unakaa ile miezi na faini imekwisha. Hiyo ni adhabu ya serikali, na serikali imekubali kulipwa kwa siku zako. Benki haijakubali. Sacco haijakubali. Yule uliyemuuzia shamba hewa pia hajakubali: kifungu cha 313 cha Kanuni za Adhabu kinaweza kukuweka ndani hadi miaka mitatu kwa kujipatia pesa kwa ulaghai, na ukitoka bado anaweza kukudai kwenye korti ya madai. Hata ile jela ya madai yenyewe, ambayo mtu hufungwa hadi miezi sita kwa sababu ya deni, kifungu cha 42 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai kinasema wazi kwamba kuachiliwa si kufutiwa deni. Hutakamatwa tena kwa amri ileile, lakini mali yako bado inaweza kufuatwa.

Halafu kuna kundi la pili, ambalo huamini kinyume: kwamba jela yenyewe ndiyo imewachafulia jina CRB, yaani mashirika yanayotunza kumbukumbu za ulipaji wa mikopo. Hapana. Ripoti ya CRB ina jina lako, nambari ya kitambulisho, simu, mikopo, salio na siku ulizochelewa. Haina mstari wa gereza la Kamiti. Nadhani mkanganyiko unatokana na zile karatasi ambazo waombaji wa kazi za serikali huambiwa waziambatanishe: ya KRA (kodi), ya HELB (mikopo ya elimu ya juu), ya EACC (kupambana na ufisadi), ya CRB, na cheti cha tabia njema cha DCI (idara ya upelelezi). Zinawekwa kwenye faili moja, kwa hivyo watu hudhani zinasemezana. Rekodi ya hukumu iko DCI. Kwa kawaida CRB haina habari.

Kinachokuchafua ni kunyamaza. Mkopo ukipita siku 90 bila kulipwa unahesabika kuwa mbovu na mkopeshaji anaupeleka CRB. Sasa fikiria mtu aliyekaa rumande miezi minne kwa kukosa dhamana, kisha akaachiliwa huru, hana hatia yoyote. Siku 90 zilishapita. Notisi ya kumwonya ilitumwa kwenye simu iliyokuwa imezimwa ndani ya stoo ya gereza. Kwa CRB, huyu na aliyehukumiwa miaka mitano ni sawasawa. Watu kama hawa ndio hunikasirikia zaidi, na sina la kuwajibu. Wana haki ya kukasirika, ila mimi siye wa kukasirikiwa.

Basi tuanze na ripoti. Iombe kwa mashirika yote matatu ya CRB, TransUnion, Metropol na Creditinfo, kwa sababu nimeona zikipishana. Una haki ya ripoti moja ya bure kwa mwaka. Nasema ripoti, sisemi cheti. Watu hukimbilia cheti cha kuonyesha hawadaiwi, wanalipa elfu mbili na kitu, kisha wanaambiwa hawawezi kukipata kwa sababu wanadaiwa. Soma kwanza unadaiwa nini na nani. Ukiona kideni cha chini ya shilingi 1,000 kimeorodheshwa, lalamika. Tangu 2020 hivyo haviruhusiwi.

Ukisoma, weka kando yake ile karatasi uliyopewa gerezani ulipoachiliwa, yenye tarehe za kuingia na kutoka. Mara nyingi hapo ndipo chumba hunyamaza. Kijana mmoja aliingia Novemba. Ripoti inasema alikopa kwa simu Machi, akakopa tena Aprili, Mei akachukua kwingine. Simu alimwachia kaka yake, na PIN ilikuwa mwaka wa kuzaliwa kwa mama yao. Kwenye karatasi ni kesi nyepesi: unapinga mkopo kwa CRB na kwa mkopeshaji, unaambatanisha tarehe zako. Lakini mkopeshaji atataka ripoti ya polisi. Yaani mtu ambaye ametoka jela juzi aingie stesheni kwa miguu yake kumshtaki kaka aliyekuwa akilipia watoto wake karo. Vijitabu vya mafunzo vinaandika "pinga taarifa zisizo sahihi" na kuendelea na ukurasa mwingine. Mimi sijapata ushauri mzuri wa kumpa mtu hapo. Wengi hulipa. Yule kijana pia alilipa.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera kuliko yote. "Nimelipa, nimepewa cheti, niko safi." Wewe hudaiwi. Safi ni jambo lingine. Kumbukumbu ya kwamba mkopo ule uliwahi kuwa mbovu inabaki miaka mitano, na miaka hiyo inahesabiwa tangu siku ulipomaliza kulipa. Si tangu ulipokopa, wala tangu ulipofungwa. Anayengoja deni lizeeke lenyewe anangoja saa ambayo hajaijaza ufunguo. Na benki inaruhusiwa kukukopesha hata ukiwa na kumbukumbu hiyo. Sheria haisemi unyimwe. Afisa wa mikopo akikuambia "CRB imekukataa", mwambie CRB haikatai mtu, ni yeye aliyekataa. Kwa adabu, lakini mwambie.

Hapo hapo kuna mtego ambao wanaharakati wa "lipa kidogo kidogo, onyesha nia njema" hawauzungumzii. Deni la mkataba lina miaka sita. Baada ya hapo mdai akienda kortini unaweza kujitetea kwamba amechelewa. Kama tayari hukumu ilitolewa dhidi yako, ni miaka 12. Lakini ukilipa hata shilingi 500, au ukiandika na kutia saini kwamba unalitambua deni, hesabu inaanza upya. Kwa hivyo aliyetoka baada ya miaka saba, akatuma 500 kwa moyo safi, amefufua mwenyewe kesi iliyokuwa imelala. Wakili atamwambia usiguse. Mimi wa mikopo naona asipogusa, ile miaka mitano ya CRB haianzi kamwe. Wote wawili tuko sawa, na hilo ndilo tatizo. Ushauri wangu, nao nautoa nikijua unaweza kubishiwa: ama mpatane kiasi cha kumaliza kwa maandishi, ulipe, upewe barua ya kumaliza deni, ama uache kabisa. Usitume pesa ya kuonyesha nia njema.

Kwenye kupatana, dai taarifa ya akaunti, usikubali jumla waliyoiandika kwenye SMS. Kwa mikopo ya benki, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kinachotumika tangu 2007, kinazuia riba isizidi kiasi cha mkopo kilichokuwa kimebaki ulipogeuka kuwa mbovu. Kama ulikuwa umebakisha deni la 40,000, riba haiwezi kupita 40,000 nyingine, ukiacha gharama za kukufuatilia. Nimeona mtu akidaiwa 130,000 kwa hesabu kama hiyo, na alikuwa ameshaanza kutafuta ng'ombe wa kuuza. Punguzo la asilimia 50 la Benki Kuu kwa mikopo ya simu, lile la Novemba 2022, lilikwisha Mei 2023. Naulizwa kulihusu kila mara. Likiwa lilipita ukiwa ndani, pole, lakini kuomba punguzo hakukatazwi. Deni la HELB ni la kushughulikia mapema, maana faini yake ni shilingi 5,000 kwa mwezi na haiangalii ulikuwa wapi.

Kujenga upya nitasema kwa ufupi kwa sababu kila mtu anasema. Kitambulisho kwanza, kisha laini iliyosajiliwa kwa jina lako, kwa kuwa ile ya zamani huenda ishapewa mtu mwingine. Ikiwa bado ni yako na ina deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, usiitumie kupokea nauli kutoka kwa dada yako; deni litajikata kwanza. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, inaanzia shilingi 500 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ni rahisi kuliko apu nyingi. Ila kukopa pesa usiyoihitaji ili limiti ipande, mimi bado nina mashaka nako. Nimeona limiti ikipanda mara nyingi kuliko nilivyoona benki ikibadili jibu.

Kwa waliokuwa na sacco, jambo la mwisho, na hili haliko kwenye ripoti yoyote. Ulipoacha kulipa, akiba yako ilikatwa kwanza, kisha ya wadhamini wako. Kwa sacco mkopo umefungwa, CRB huenda hata hakuna kitu. Lakini mwenzako aliyekudhamini alikatwa 60,000, na mwingine 45,000, wakiwa na watoto sekondari. Nenda kwao na tarehe na kiasi cha kuwarudishia, hata kama ni 1,000 kwa mwezi, na uende kabla hujajaza fomu yoyote ya kujiunga upya. Ile fomu ina nafasi ya majina ya wadhamini, na katika tawi dogo hao ndio watu wanaokufahamu.