Waya Uliolala Njiani, na Mengine Tunayoambiana Upepo Ukishapita

Hapa Bweyale ukiuliza njia sokoni utajibiwa kwa Kiswahili, kwa sababu huku wilaya ya Kiryandongo, Uganda, hujui jirani yako atakuwa Mnyoro, Mwacholi, Mwalur, Mkongo, mtu wa Sudan Kusini au Mkenya aliyekimbia machafuko ya 2008. Kwa hiyo usiku ule wa upepo, maneno yote yaliyopigiwa kelele mlango kwa mlango niliyaelewa. Mabati ya nyumba ya tatu kutoka kwangu yaling'oka na kuburutwa hadi kwenye migomba. Mwembe wa njia panda ukaangukia laini ya umeme. Mtaa mzima giza.

Ya usiku tulipona. Kilichotaka kutuua kilikuja asubuhi.

Waya mmoja ulikuwa umelala kukatiza njia ya kwenda pampu ya maji, nusu ndani ya tope, nusu juu ya nyasi, umetulia kama kamba ya kuanikia nguo. Binti wa jirani, wa miaka minane hivi, alifika na jerikeni lake la njano akasita. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akamwambia, "Ruka tu mwanangu, umeme hakuna tangu jana." Mama anayekaanga chapati hapo pembeni akamdaka gauni na kumrudisha nyuma. Wakaanza kubishana, mzee na mama. Haikupita nusu saa, redio ya kinyozi ikaanza kuimba ng'ambo ya barabara, na pale waya ulipogusa nyasi tukasikia mlio kama wa unga ukitumbukia kwenye mafuta ya moto. Moshi mweupe ukapanda.

Mzee wetu alitafuta kigogo akakaa. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na dhana ambayo karibu sote tunayo: kwamba taa za nyumbani zikizimika, basi nyaya zote za mtaa zimekufa. Taa yako inakupa habari za nyumba yako tu. Waya uliokatika huweza kuwa hauna umeme upande wako na bado ukawa nao upande unaotoka kituoni. Laini huweza kurudishwa wakati wowote na mtu aliye mbali asiyejua kwamba kuna waya umelala kwenu. Na mwenye duka akiwasha jenereta bila kuitenga nyumba yake na laini ya mtaa, umeme wake hurudi kinyumenyume hadi kwenye transfoma, na transfoma huupandisha kutoka volti 240 hadi maelfu.

Wengine husema waya ungekuwa na umeme fyuzi ingekwisha kuungua. Si lazima. Murramu kavu, mchanga na lami havipitishi umeme vizuri, kwa hiyo unavuja kidogo kidogo, kiasi ambacho vifaa vya ulinzi vya laini havikigundui lakini kinatosha kuua mtu.

Nyaya zinazopita juu ya mitaa kabla ya kufika kwenye transfoma huwa na volti 11,000 au 33,000. Ukiona mmoja chini, kaa angalau mita kumi mbali nao, na usidhani hatari ni kuugusa tu. Umeme husambaa ardhini kuuzunguka, mkali karibu, hafifu mbali. Mguu wako mmoja ukiwa karibu na mwingine ukiwa mbali, tofauti hiyo inapita mwilini mwako. Ndiyo sababu ng'ombe hufa upesi mahali kama hapo, maana miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana. Ukigundua umeshaingia karibu, kusanya miguu na uondoke kwa kuiburuta kidogo kidogo bila kuinyanyua wala kuiachanisha. Wala usiusogeze waya kwa fimbo. Mti mbichi una maji ndani, na hata mkavu si kinga mbele ya volti elfu kumi na moja.

Sasa kuna jambo la lugha ambalo nadhani limetuharibia fikra. Kuanzia 2005 hadi tarehe 31 Machi 2025, sehemu kubwa ya usambazaji wa umeme Uganda ilikuwa mikononi mwa kampuni iliyoitwa Umeme, kisha shirika la serikali la UEDCL likaipokea kazi hiyo. Kwa miaka ishirini tumesema "Umeme wamekata", kama watu, badala ya "umeme umekatika", kama kitu. Midomo ikazoea kumtafuta mkataji. Usiku ule taa zilipepesa mara moja, mbili, tatu, kisha zikazimika kabisa, na kijana wa nyumba ya nyuma akaapa kwamba kuna mtu kituoni anachezea swichi.

Hakukuwa na mtu. Tawi likigusa laini, umeme mwingi hukimbilia ardhini ghafla, na swichi ya ulinzi hukata yenyewe. Matawi mengi hugusa na kuachia, ndiyo maana swichi hiyo imeundwa isubiri kidogo kisha irudishe. Ikikuta tawi bado lipo, hukata tena. Baada ya majaribio machache huacha, na haitarudisha hadi fundi ahakikishe laini iko salama. Kule kupepesa ndiko kujaribu kwenyewe. Na kila jaribio linarudisha uhai katika waya uliolala njiani, kwa hiyo taa zikipepesa, huo ndio wakati wa kuwaita watoto ndani. Baada ya hapo watu hulazimika kuifuata laini nguzo kwa nguzo, mara nyingi kwa miguu, wakitafuta mwembe kama ule wetu.

"Tunalala giza na bwawa liko hapo tu." Hili nalisikia kila mara, na uchungu wake ni wangu pia. Karuma iko kaskazini mwetu kwenye barabara hii hii ya Gulu. Ilizinduliwa rasmi Septemba 2024, ina megawati 600, na hakuna bwawa la umeme nchini linaloizidi. Lakini Karuma haikuzimika usiku ule. Umeme wake huondoka pale kwa laini kubwa, mojawapo ya volti 400,000 hadi Kawanda karibu na Kampala. Unaofika chumbani kwako umepunguzwa nguvu kituo baada ya kituo, na kilomita zake za mwisho unasafiri juu ya nguzo za mikaratusi. Ukijenga bwawa jingine leo, nguzo iliyooza kwenye shina itaanguka vilevile. Tukitaka kudai, tudai nguzo na tudai matawi yakatwe kabla ya mvua za Machi, na sisi tuliopanda miembe chini ya laini tukubali ikatwe.

Siku ya pili ndiyo ilileta ugomvi. Nyumba ya upande wa kushoto kwangu ilikuwa na taa, mimi sina, wa kulia hana. Mama mmoja akasema waziwazi kwamba jirani amehonga. Hakuhonga. Laini inayotoka kwenye transfoma huja na fezi tatu, yaani nyaya tatu zenye umeme, na nyumba zinagawiwa, hii fezi hii, ile fezi ile. Fezi moja ikikatika au fyuzi yake ikiungua, theluthi ya mtaa huzimika huku wengine wakitazama mpira. Hapo ndipo kamyufu hutokea, yule fundi wa mtaani asiye na leseni, na kwa pesa kidogo anakuhamishia kwenye fezi iliyo hai. Wakihamia watu kumi, fezi ile nayo inazidiwa, fyuzi inaungua, na sasa hakuna mwenye taa.

Lakini kuna kitu kibaya zaidi ya fezi kukatika, na ningependa kila nyumba ikijue. Upepo ukikata waya wa nyutro na kuacha fezi zikiwa hai, umeme hukosa njia yake ya kawaida ya kurudi, ukaanza kupitia nyumba ya jirani kuifuata fezi nyingine. Kati ya fezi na fezi hakuna volti 240, kuna 415, na nyumba zinagawana hizo bila usawa. Kwangu ilionekana hivi: balbu ya sebuleni ikawa nyeupe ya kuumiza macho, na wakati huohuo jirani akapiga kelele kwamba yake imekuwa nyekundu kama kaa la moto. Watu walifurahi, wakasema umeme umerudi na nguvu. Chaja mbili na televisheni moja ziliungua kabla hatujaelewa. Balbu ikiwaka kupita kawaida, au ikififia huku ya jirani ikizidi, usingoje uhakika. Zima swichi kubwa, na umgongee jirani azime yake.

Kuhusu Yaka, mita yetu ya kulipia kabla, wale waliokimbilia kununua yuniti wakiogopa kwamba zile za zamani zimepotea, hazijapotea. Mita inazitunza hata umeme ukikaa wiki haupo.

Usiku ule pia shangazi yangu alifunika kioo cha kabati kwa khanga na kumvua mtoto fulana nyekundu, radi isije. Huku kwetu radi si jambo la kuzungumzia kwa mzaha. Tarehe 28 Juni 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya, wilayani humuhumu, radi iliua wanafunzi 18. Tarehe 2 Novemba 2024 huko Palabek, Lamwo, iliua watu 14 waliokuwa wamekusanyika kusali kwenye kibanda cha mabati. Kioo hakiiti radi wala nguo nyekundu haiiiti. Radi hufuata kilicho juu na njia ya kufika ardhini, na mabati yenyewe si kosa. Kosa ni jengo lisilo na waya wa kinga radi wa kuushusha umeme ardhini, watu wakiwa wamesimama ndani kwenye sakafu ya udongo. Chini ya mti ni kubaya zaidi. Kandambili za mpira hazisaidii kitu. Na umeme kukatika hakumaanishi radi haiwezi kuingia kwa waya, kwa hiyo chomoa televisheni hata kama ni giza, ila ichomoe kabla ngurumo hazijafika.

Dhana inayoniuma kuliko zote ni ile ya kumwacha aliyepigwa na radi alale peke yake kwa kuwa eti bado ana umeme mwilini. Hana. Mwili hauhifadhi umeme. Mguse mara moja, na kama hapumui mbonyeze kifua kwa nguvu na kwa haraka huku mwingine akitafuta boda au gari la kumpeleka hospitali. Aliyeshikwa na waya wa umeme ndiye usimguse mpaka laini izimwe. Watu wanawachanganya hawa wawili, na makosa ya kila upande yanaua.

Mawe juu ya paa: nimeyaona mengi, na matairi ya zamani pia. Upepo haulibonyezi paa, unalinyonya kwenda juu, na mlango ukiachwa wazi ili "upite", unaingia na kulisukuma kutoka chini. Jiwe halishindani na hayo, linabaki kuwa kitu cha kuangukia kichwa cha mtu. Kinachoshika ni misumari ya bati iliyotosha kwenye kingo na mbao za paa zilizofungwa kwa utepe wa chuma hadi ndani ya ukuta. Wengine waliita upepo ule kimbunga. Vimbunga vya baharini havizaliwi wala havifiki hapa karibu na ikweta. Wetu ni hewa baridi inayoporomoka kutoka kwenye wingu la ngurumo na kutawanyika ikigonga ardhi, ndiyo maana huanza ghafla na huwahi kuisha.

Na sigiri. Mvua ya baridi, giza, familia inaingiza sigiri chumbani na kufunga mlango kwa kuwa makaa yakishawaka hayana moshi. Hewa inayoua haionekani wala hainuki. Toa sigiri nje kabla hujalala, na jenereta isikae barazani.

Waya wetu ulikaa siku tatu. Mwenyekiti wa LC1, baraza letu la kijiji, aliweka matawi ya miiba pande zote mbili na vijana wakapeana zamu, usiku na mchana, wakiwazungusha wenye jerikeni kwa njia ya shambani. Mafundi walipofika, yule mdogo wao aliizima laini kwa mkono wake, kwa fimbo ndefu ya kazi isiyopitisha umeme, fyuzi zikaning'inia sote tukiziona. Kisha akapima kila waya. Kisha akazifunga nyaya zote pamoja kwa waya wa shaba na kuuchomeka ardhini. Mzee wetu akamsogelea.

"Mwanangu, si umezima mwenyewe?"

"Ndiyo, mzee," akajibu, akaendelea kukaza klempu.